Maua ya pori yanapogoma bustanini: kutafuta chanzo kwa mkulima wa Lubumbashi

Ukitoka Lubumbashi mwezi wa Februari, kwa njia ya Likasi au ya Kipushi, chini ya miombo utaona maua ambayo hakuna mtu aliyeyapanda. Kuna gladiola ya pori (Gladiolus dalenii), yenye rangi ya chungwa na manjano, na kuna gloriosa (Gloriosa superba), inayopanda vichaka kwa ncha za majani yake huku petali zake zimepinduka kuelekea juu. Hakuna anayeyamwagilia wala kuyawekea mbolea, na bado yanarudi kila mwaka. Yalete sasa kwenye kiwanja cha Kasapa au Ruashi, uyape maji na samadi, halafu uone: mbegu hazioti, viazi vinaoza, au majani yanajaa na ua halionekani.

Kazi hii ya kulima maua ya pori ili kuyakata na kuyauza inastahili kuhangaikiwa. Mjini kuna harusi kila Jumamosi, kuna kilio kila wiki, na mashada mengi yanayofika makaburini ni ya plastiki. Gladiola za bustani zinazouzwa leo dunia nzima zilianza kuchanganywa Ulaya katika karne ya 19, na Gladiolus dalenii ni mmoja wa wazazi wake wakuu. Mmea wa aina ileile unaoota nyuma ya mji wetu ulikwisha kuonyesha kwamba unaweza kuingia sokoni, ila faida ilibaki kwa wengine.

Kabla ya kutafuta dawa yoyote, jiulize swali moja: mwezi huu, mmea huu ungekuwa porini ungekuwa unafanya nini? Kwetu mvua inaanza mwisho wa Oktoba au Novemba na kukoma Machi au Aprili, milimita 1,200 hivi kwa mwaka. Baada ya hapo udongo unakauka kwa miezi mitano au sita, na usiku wa Juni na Julai baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mimea ya miombo imejipanga kwa kalenda hiyo. Matatizo mengi yaliyo hapa chini yanatokea pale mkulima anapoivunja bila kujua.

Mbegu hazioti

Kwanza angalia umri wa mbegu na mwezi uliozipanda. Mbegu ya gloriosa inakomaa mvua zikiisha. Ganda linapasuka na kuonyesha mbegu nyekundu zenye nyama laini juu. Ukizipanda siku hiyohiyo zitakaa tu udongoni, kwa sababu zinahitaji miezi ya kulala kabla ya kuwa tayari. Osha ile nyama yote, kausha mbegu kivulini, ziweke kwenye bahasha ya karatasi (sashe ya plastiki inashika unyevu), kisha zipande Novemba baada ya kuziloweka usiku mmoja katika maji ya uvuguvugu. Hata hivyo usitegemee ziote pamoja. Nyingine zitaota baada ya mwezi, nyingine baada ya miezi mitatu, kwa hiyo usimwage udongo wa kitalu mapema.

Gladiola ni tofauti. Mbegu yake ni nyepesi, ina ukingo mwembamba wa kupeperushwa na upepo, na inaota vizuri ikiwa ya msimu uliopita. Isipoota, mara nyingi imefukiwa mno. Isambaze juu ya udongo laini, ifunike kwa mchanga mwembamba kiasi cha kuificha tu, na umwagilie kwa ungo wenye matundu madogo ili maji yasiizamishe.

Mbegu ndogo kama vumbi, kama za Helichrysum, yale maua makavu yanayodumu miezi, zinahitaji mwanga. Hizo usizifukie kabisa. Zibane juu ya udongo kwa kiganja. Mbegu za jamii ya kunde nazo zina ganda gumu. Zimwagie maji ya moto yaliyotoka kuchemka na uyaache yapoe nazo humo hadi asubuhi. Zilizovimba panda, zilizobaki ngumu rudia.

Mche umeota kisha umetoweka

Kuna sababu mbili, na ya kwanza ni jembe. Mche wa gladiola wa mwaka wa kwanza ni jani moja jembamba linalofanana kabisa na nyasi za kawaida, na anayepalilia analing'oa kwa nia njema. Panda kwenye mistari iliyonyooka au ndani ya ndoo zilizotobolewa chini, na umwambie kila mtu wa nyumbani.

Sababu ya pili ni kuvu wa udongo. Ukiona shina la mche limenyong'onyea usawa wa udongo, limekuwa jeusi na mche umelala, ni huyo. Udongo wa kitalu upashwe moto: weka udongo wenye unyevu ndani ya pipa juu ya maji yanayochemka, mvuke upite ndani yake kwa nusu saa, uache upoe, ndipo upande. Mwagilia asubuhi, usimwagilie jioni.

Hapa niseme kuhusu ua la shaba (Haumaniastrum katangense), kwa sababu wengi wanalijaribu. Linaota kwa wingi kwenye udongo wenye shaba, tena tangu zamani watafuta madini wamekuwa wakiliangalia kama alama. Mtu akikusanya mbegu zake na kuzipanda bustanini, miche inakufa, naye anasema mmea huu hauwezi kuishi bila shaba. Watafiti waliouchunguza wameona kwamba unaweza kukua bila shaba nyingi, ila ni mnyonge mbele ya kuvu wa udongo wa kawaida, na shaba inawazuia kuvu hao. Kwa hiyo usilete udongo wa mgodini nyumbani. Pasha udongo moto, na miche itakuwa na nafasi nzuri zaidi ya kusimama. Lakini kuna mimea mingine ya vilima vya shaba vya Katanga ambayo haipatikani mahali pengine popote duniani, na vilima hivyo vinachimbwa. Hiyo usiing'oe. Kama unaitaka, chukua mbegu chache, na uache nyingi zaidi ya ulizochukua.

Majani tele, ua hakuna

Hili ndilo lalamiko kubwa, na chanzo chake mara nyingi kilitokea mwaka uliopita.

Gladiola inatoa ua kwa akiba ya tunguu lake, yaani kile kitunguu kilicho chini ya udongo. Kila msimu tunguu la zamani linanyauka na jipya linajengwa juu yake. Linalolijenga ni majani, katika wiki zinazofuata ua. Mkulima anayekata shina refu pamoja na majani yote ili mteja afurahi ameuza na ua la mwaka ujao. Kata shina kwa kisu kilichoelekezwa ndani katikati ya majani, na mmea ubaki na majani manne au zaidi. Kisha yaache majani hayo mpaka yawe ya manjano yenyewe, hata kama yanachafua sura ya bustani.

Gloriosa ni ngumu zaidi, kwa kuwa majani yako kwenye shina lilelile linalouzwa. Ukikata shina zima kutoka chini, kiazi kipya kinabaki kidogo kama kidole. Mashamba makubwa yanamudu hasara hiyo kwa kuwa na viazi vingi. Mkulima mdogo afanye hivi: mwaka mmoja akate nusu ya mimea na kuipumzisha nusu nyingine, mwaka unaofuata abadilishane. Katika mimea unayoikata, kata sehemu ya juu yenye maua na uache nusu ya chini ya shina.

Kama hukukata kitu mwaka jana na bado hakuna ua, angalia ukubwa. Tunguu dogo lililotoka kwenye mbegu au pembeni mwa tunguu mama halitoi ua mwaka wa kwanza. Ni msimu wa pili au wa tatu. Huo si ugonjwa, ni utoto, na dawa yake ni kusubiri.

Kisha angalia kivuli na samadi. Porini, kabla ya mvua, moto umepita au majani yamekauka na kulala, na jua linagonga udongo wazi. Bustanini tunapanda chini ya mwembe na kurundika mavi ya kuku. Naitrojeni nyingi inaleta majani mapana, ya kijani kizito, na shina linaloanguka. Mimea hii ipewe mboji iliyooza sawasawa, kiasi kidogo wakati wa kupanda, na majivu kiganja kimoja kwa kila mita ya mraba machipukizi yanapotoka. Vitu vikavu vifyekwe na kuondolewa mwezi wa Septemba, ili mwanga ufike chini kama pale porini moto ulipopita.

Jambo la mwisho ni pumziko. Mkulima mwenye foraji (kisima kilichochimbwa kwa mashine) anajivunia kuwa na kijani mwaka mzima, na anaendelea kumwagilia Juni na Julai. Kwa mchicha na sombe (majani ya muhogo) ni sawa. Kwa mimea ya miombo ni kuinyima usingizi: aidha inaoza, aidha inatoa majani dhaifu yasiyo na ua.

Kiazi kimeoza, au hakikuchipua

Kifukue na ukitazame. Kikiwa laini chenye harufu, kimekaa kwenye maji. Udongo mzito mwekundu wa mji wetu unashika maji Januari na Februari, kwa hiyo panda juu ya tuta lenye urefu wa sentimita 20 hadi 30, na uchanganye mchanga wa mto.

Kikiwa kigumu, kizima, lakini hakina chipukizi, angalia ncha. Kiazi cha gloriosa kina umbo la V au L, na jicho liko kwenye ncha ya mkono tu. Ncha ikivunjika kiazi hakitaamka tena, hata kiwe kinene namna gani. Kifukue kwa mikono au kwa uma wa bustani ulioanza kuchimba mbali, usitumie jembe. Kilaze kwa ubavu, sentimita 5 hadi 10 chini ya udongo, na ncha isiguse kokoto.

Viazi vilivyofukuliwa Mei au Juni vikaushwe kivulini wiki mbili, kisha vifukiwe kwenye mchanga mkavu au unga wa mbao, ndani ya kreti inayopitisha hewa. Angalia kila mwezi na utoe kilichoanza kuoza.

Na hili lisikike vizuri: gloriosa nzima ni sumu, na kiazi ndicho kibaya zaidi. Kina kolchisini, na watu wamekufa kwa kukila wakidhani ni kiazi kikuu cha pori. Katika mji ambao watu wananunua chikanda (chakula cha viazi vya okidi) sokoni na kuchimba viazi vya pori kwa chakula, kreti hiyo isiwekwe jikoni kabisa, wala karibu na watoto. Iandikwe SUMU kwa herufi kubwa na ifungwe. Vaa glavu unapovishika, nawa mikono. Muuzie mteja ua, na umwambie pia.

Nimetaja chikanda, na ni ya viazi vya okidi za pori. Okidi zimechimbwa sana kwa ajili yake, hadi ng'ambo ya mipaka. Biashara ya okidi zote kati ya nchi na nchi inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mimi naona okidi za pori ziachwe nje ya mpango huu wa maua ya kukata.

Majani ya manjano

Manjano haina chanzo kimoja, kwa hiyo tazama inaanzia wapi.

Ikiwa ni majani yote, kuanzia nchani, mwezi wa Aprili, mmea unajiandaa kulala. Acha kumwagilia.

Ikiwa ni Januari, mimea michache tu katika mstari, na tunguu ukilikata lina madoa ya kahawia yanayoingia ndani, ni kuvu wa fuzari. Ng'oa mmea pamoja na udongo unaouzunguka, uchome, na usipande gladiola mahali hapo kwa misimu minne au zaidi. Usijaribu kuokoa matunguu yake madogo.

Ikiwa ni majani machanga, yenye manjano katikati huku mishipa ikibaki ya kijani, na mizizi ni mifupi, minene, ya kahawia, shuku shaba. Mtambo wa kuyeyusha shaba ulianza kazi mjini mwaka 1911, na upepo wa kiangazi unaotoka kusini-mashariki umepeleka moshi wake upande wa kaskazini-magharibi kwa miaka mingi. Viwanja vya upande wa Penga-Penga vina shaba nyingi juu ya udongo. Shaba inauzuia mmea kuchukua chuma. Kuna njia mbili: kupanda kwenye ndoo au matuta yaliyojazwa udongo uliotoka mbali, au kupunguza ukali wa shaba kwa chokaa na mboji nyingi. Udongo wa vichuguu vyetu vikubwa una kalisi nyingi, unafanya kazi ya chokaa, na unapatikana bila kununua chochote dukani. Weka ndoo moja kwa kila mita ya mraba, changanya hadi kina cha jembe, na ujaribu kwanza mahali padogo.

Lakini udongo huohuo wa kichuguu usiuweke kwenye protea, mti mdogo wenye maua makubwa. Protea za nyanda za Kundelungu na Biano zinapenda udongo maskini wenye asidi, na mizizi yake ina ustadi wa kutafuta fosforasi kidogo iliyopo. Ukiipa samadi ya kuku au mbolea ya NPK, inakula kupita kiasi, majani yanaungua pembeni, na mti unakufa. Hakuna dawa ya kurudisha nyuma. Protea inachukua miaka kadhaa kabla ya ua la kwanza, na aina nyingi za kwetu hazikubali kuhamishwa. Anayeanza asianze nayo.

Michirizi ya rangi ya fedha, vichwa havifunguki

Ni vithiripi. Ni wadudu wembamba kuliko uzi. Kung'uta ua juu ya karatasi nyeupe utawaona wakitembea. Wanafyonza jani hadi ling'ae kama bati, na chipukizi la ua linakauka likiwa limefungwa. Kiangazi wanajificha kwenye magamba ya matunguu ghalani, kwa hiyo ukitibu bustani ukasahau ghala, wanarudi Desemba. Menya magamba yaliyolegea kabla ya kuhifadhi, uyachome, na usihifadhi matunguu mahali penye joto la mabati. Bustanini, kata na choma vichwa vilivyoharibika na nyunyiza maji ya sabuni jioni chini ya majani.

Majani yakiwa yameliwa kabisa na kinyesi cheusi kimeachwa, ni viwavi. Waokote kwa mkono saa za jioni, kila siku, kwa wiki nzima.

Ua lilikuwa zuri shambani, sokoni limeharibika

Ncha imepinda: umelaza gladiola kwenye kapu. Shina lake linaendelea kutafuta juu hata baada ya kukatwa. Likilazwa saa chache linageuka, na halinyooki tena. Lisafiri wima, ndani ya ndoo, hata kwenye pikipiki.

Vichwa vya juu havikufunguka: umekata mapema mno au shina halina sukari. Gladiola ikatwe maua mawili ya chini yakiwa yameonyesha rangi. Gloriosa kinyume chake, ngoja maua ya kwanza yafunguke na kupata rangi kamili, maana chipukizi la kijani likikatwa linabaki la kijani. Maji ya ndoo yawe na vijiko viwili vya sukari kwa lita, na nusu kijiko cha chai cha javeli (dawa ya kung'arishia nguo). Sukari bila javeli inalisha bakteria, na bakteria wanaziba shina.

Limelala kabla ya mchana: limekatwa jua likiwa juu, au ndoo haijasuguliwa. Kata alfajiri, kata shina kwa mshazari kwa kisu kikali, litie majini papo hapo, na ulipumzishe chumba chenye giza saa tatu kabla ya safari. Wengine wanasifu kibanda chenye kuta za makaa yaliyoloweshwa, hasa umeme ukikatika. Wakati wa kiangazi kibanda hicho kinapoza kweli. Ila gladiola inatoa maua Januari hadi Machi, hewa ikiwa imejaa unyevu, na wakati huo kibanda hicho kinapoza kidogo sana. Alfajiri ndiyo baridi yako.

Na usiweke maua karibu na ndizi zinazoiva au maembe. Gesi inayotoka kwenye matunda hayo inazeesha maua haraka.

Kuna pia maua yasiyofaa kukatwa hata ukiyahudumia namna gani. Jamii ya tangawizi pori (Siphonochilus), yenye ua zuri la zambarau chini kabisa ya majani, inanyauka kwa siku moja. Kabla ya kulima aina yoyote, kata mashina matano, yaweke majini sebuleni. Yasipofika siku tano, tafuta mmea mwingine.

Yote yamefunguka wiki moja, kisha hakuna kitu

Umepanda siku moja. Gawa matunguu mafungu manne, yaliyobaki yakae kwenye mchanga mkavu, na upande fungu moja kila wiki mbili kuanzia Oktoba kwa maji ya ndoo, kabla mvua hazijashika. Usivuke mwisho wa Desemba. Yatakayochelewa yatakosa mvua za kutosha kujenga tunguu la mwaka ujao.

Kila ua na rangi yake, kila shina na urefu wake

Mbegu za pori hazifanani, na mpambaji wa harusi anataka mashina ishirini yanayolingana. Funga uzi mwekundu kwenye mimea mitano au sita iliyo bora: shina lililonyooka, rangi safi, iliyodumu zaidi kwenye maji, isiyougua. Mei ukifukua, yaweke kando matunguu madogo yanayozunguka tunguu la kila mmea wenye uzi, kila familia na mfuko wake, umeandika mahali mbegu ilipotoka na mwaka. Hayo madogo yatatoa ua lilelile la mama yao, bila mchanganyiko. Yapande pamoja tuta moja, na yale yasiyo na uzi yauze mwaka huohuo bila huruma, yakiwemo yaliyotoa ua kubwa kuliko yote lakini shina lake likalala.